Wallahi Sina Nyekundu

Salma alikuja Guangzhou kununua mapazia, na siku ya pili tukakutana mchana katika mgahawa mmoja wa mtaa wa Xiaobei unaopika pilau, yeye, Wambui na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa meza moja sisi watatu tangu Shangazi Rukia, mama yake Salma, afariki Dar es Salaam. Tulipeana pole, tukaulizana habari za watoto, kisha tukanyamaza kila mtu akitazama sahani yake. Wambui hawezi kuvumilia kimya. Akamgeukia mhudumu aliyekuja na kachumbari, akamwambia, "Unamwona huyu mzee na mvi zake? Huyu ndiye alikuwa mwizi mkubwa wa karata Xiaobei nzima." Salma akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikacheka pamoja nao. Nimelicheka neno hilo karibu miaka ishirini sasa, na kila nikimaliza kucheka nausikia uso wangu ukichemka, kwa sababu sikuwa mwizi. Niliacha waniite hivyo kwa kuwa jina lililobaki lilikuwa baya zaidi, au ndivyo nilivyoamini nilipokuwa kijana.

Karibu miaka ishirini iliyopita, Shangazi Rukia ndiye aliyeniita Guangzhou. Alikuwa na biashara ya nguo na magoti yamemchoka, hawezi tena kupanda na kushuka ngazi za maduka ya jumla ya Zhanqian kutwa nzima, kwa hiyo akataka kijana wa damu yake awe miguu yake. Tulikaa ghorofa ya nane, vyumba viwili na sebule. Sebule yenyewe ilikuwa ghala: marobota ya nguo yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari, na yale mafupi ndiyo yaliyokuwa viti vyetu. Chumba kimoja alilala shangazi na Salma, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Cha pili alipanga Wambui, Mkikuyu wa Nairobi aliyekuwa akinunua mikoba ya kike na kuituma kwao. Mimi nililala sebuleni, kati ya robota na jiko la umeme la wali, na asubuhi niliamka nikinukia kitambaa kipya. Kupitia ukutani tuliwasikia majirani zetu Wakongo wakigombana kwa Kifaransa na kupatana kwa Kilingala, na shangazi, asiyejua hata moja kati ya hizo lugha, alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Leo mwanamke ndiye mwenye haki."

Siku ya Ijumaa hatukufanya kazi baada ya swala. Shangazi alipika wali wa nazi ya kopo, akilalamika kwamba nazi ya kopo haina roho, na samaki wa mtoni aliyemkaanga kwa ndimu nyingi ili kuua harufu ya matope. Tukishakula, Salma alitandika mkeka wa plastiki na kutoa karata za rangi. Alizinunua chini ya daraja la waenda kwa miguu, katika boksi lenye maelezo ya Kichina ambayo hakuna mmoja wetu aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo kila mtu alikuja na sheria za alikotoka. Msingi tuliukubali wote: ukitupiwa nyekundu, nawe utupe nyekundu, au namba iliyo sawa, na anayemaliza karata za mkononi kwanza ndiye mshindi. Karata ya mshale ilikuwa "geuza," na mchezo unarudi ulikotoka. Ile yenye duara lililokatwa ilikuwa "ruka," na anayefuata anakosa zamu. Halafu kulikuwa na "lamba mbili," inayomfanya anayefuata aokote karata mbili, na karata nyeusi inayompa mtupaji haki ya kutaja rangi aitakayo, na mfalme wa zote, nyeusi ya nne, inayokufanya ulambe nne na bado rangi ichaguliwe na mwenzako. Ugomvi ulikuwa kwenye mengine. Wambui alitaka lamba mbili iwekwe juu ya lamba mbili, mpaka wa mwisho alambe sita au nane. Shangazi alikataa katakata. "Hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma," alisema. "Nyumbani kwangu haipo." Na ukibakiwa na karata moja, sisi wa Dar tulisema "nimebakiza," ila Wambui alipiga ukelele wa kwao, "Niko kadi!", kwa furaha kubwa kiasi kwamba baada ya mwezi hata shangazi, mke wa mtu na mama wa watoto, alikuwa akisema hivyo hivyo.

Macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani. Njano naiona, bluu naiona vizuri labda kuwashinda wengine, lakini hizo mbili kwangu ni kitu kimoja, kama udongo uliomwagiwa maji. Mama yangu aligundua nikiwa mdogo, akanifundisha kwa moyo kama sura za Kurani: majani ni kijani, damu ni nyekundu, embe usilolijua usilitaje. Akaniambia nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu, hata siku shangazi alipopiga simu kutaka kijana wa kumchagulia nguo. Niliiogopa ile kazi, na niliogopa zaidi kueleza kwa nini naiogopa. Maneno ya kwanza ya Kichina niliyojifunza hayakuwa salamu wala bei. Yalikuwa majina ya rangi. Niliingia dukani nikawauliza wasichana wa kazi, hii rangi gani, wakaniambia hong, yaani nyekundu, wakaniambia lyu, yaani kijani, na mimi nikaitikia kama mtu anayejifunza lugha. Njia hiyo ilinifikisha mbali. Ila kwenye mkeka wa plastiki hapakuwa na wa kumwuliza. Nilitupa nyekundu juu ya kijani, na Wambui akaruka, "Wee! Unatuona wajinga?" Adhabu ilikuwa kulamba mbili, na aliyekamatwa mara ya tatu aliosha vyombo. Niliviosha karibu kila Ijumaa. Mwanzoni nilisema nimepitiwa. Baadaye niliona "nimepitiwa" haiwezi kutosha mwaka mzima, nikaanza kukonyeza na kucheka kama mtu aliyefumaniwa, na mara nyingine nikaiba kweli, nikaficha karata chini ya paja ili ithibitike. Mwizi ana ujanja, watu wanamcheka na kumpenda kidogo. Mwanamume aliyeletwa China kuchagua nguo naye haoni rangi, huyo ana nini?

Wambui peke yake aliwahi kukaribia. Ijumaa moja alinitazama, karata zake zimefunika kidevu, akasema, "Idi, mbona ukitupa nyeusi hutaji nyekundu hata siku moja? Kila siku bluu, njano, bluu, njano." Nikamjibu kwamba mimi ni shabiki wa mpira, siwezi kutaja rangi ya wapinzani wetu. Akacheka, yakaisha. Wiki iliyofuata, ili kumwonyesha, nikataja nyekundu kwa sauti, na zamu iliporudi kwangu sikujua nitupe nini.

Siku iliyoharibu mambo, Wambui alikuwa amebakiwa na karata moja na ukelele wake umeshapigwa. Salma akatupa nyeusi, akataja nyekundu. Zamu ilikuwa yangu, na baada yangu Wambui. Nilikuwa na njano moja, nyeusi ya nne, na mbili ambazo, kwa kuwa zilionekana zimepauka kidogo, niliamini kabisa ni kijani. Sheria ya nyeusi ya nne, ambayo Wambui mwenyewe ndiye aliyeileta, ni kwamba huruhusiwi kuitupa kama mkononi una rangi iliyotajwa, na unayemtupia ana haki ya kukupinga. Nikaitupa. Nilikuwa na furaha kabisa, maana kwa mara moja nilikuwa nikimzuia Wambui kwa haki.

"Zii! Nakupinga," alisema. "Wewe una nyekundu."

"Sina."

"Unayo. Nakuona uso."

"Sina, Wambui. Lamba nne zako."

"Apa."

Nikaapa. "Wallahi sina nyekundu." Nikazilaza karata zangu kwenye mkeka, wazi, kwa madaha. Wakazitazama. Salma alifunika mdomo. Wambui hakucheka. Alimtazama shangazi, na hapo ndipo nilipojua zile mbili zilikuwa rangi gani.

Shangazi alizikusanya karata zote polepole, akazirudisha ndani ya boksi. "Idi," alisema, na tangu nifike alikuwa akiniita mwanangu, "wizi wa karata ni mchezo. Leo ni Ijumaa. Umetoka kuswali. Umemtaja Mwenyezi Mungu kwa uongo, kwa ajili ya vikaratasi vya mtoto?" Nilifungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lingeniponya, na lilikuwa pale pale ulimini. Nilimwona Salma ananitazama, nikaliona robota nililolichagua juzi yake, nikawaza kwamba kesho nitarudishwa nyumbani na watu watauliza kwa nini. Nikasema, "Nisamehe, shangazi." Akaniamuru nifunge siku tatu, kafara ya kiapo. Nilifunga. Aliamka kabla ya alfajiri kunipashia chai na kuniwekea mkate, akakaa nami mpaka nimalize, akaenda kuswali. Nimewahi kufunga Ramadhani nikiwa mgonjwa, sikuwahi kufunga kuzito kama kule, kwa dhambi ambayo sikuitenda, mbele ya mwanamke aliyekuwa akinihurumia kwa kuitenda.

Miezi michache baadaye ikaja harusi ya Nasra, binti mkubwa wa shangazi. Sare ya wanawake wa upande wa bibi harusi ilikuwa ni jukumu la mama, na shangazi alitaka kijani kilichokoza, chenye kung'aa, kitambaa kimoja kwa ndugu zake na kwa mawifi zake, ili siku ile wote waonekane watoto wa tumbo moja. Alichagua kipande cha mfano mwenyewe, nikakipeleka kwa bosi Liang, mwenye duka la ghorofa ya tatu tuliyekuwa tukinunua kwake mara kwa mara. Majora ya kijani hayakutosha. Bosi akaleta mengine, akasema jambo ambalo nililisikia nusu, na msichana wake wa kazi hakuwepo siku hiyo. Nilikipapasa kitambaa, kilikuwa kile kile, uzito ule ule. Akaniuliza kwa maneno ya Kiswahili aliyoyaokota kwa wateja, "Rafiki, hii pia? Sawa?" Nikasema sawa. Marobota mawili yakafungwa pale pale na kwenda moja kwa moja kwa watu wa kusafirisha mizigo. Moja lilikwenda kwa ndugu za shangazi, Ilala. La pili lilikwenda Temeke kwa Bi Tatu, dada wa mume wa shangazi, aligawe kwa watu wake.

Sikuwepo kwenye harusi. Nilibaki kuangalia biashara, na habari nilizipata shangazi aliporudi, kabla hata hajavua viatu. Ndugu zake waliingia ukumbini wamevaa kijani. Kina Bi Tatu waliingia wamevaa kahawia, rangi ya udongo wa kisima, na wote walikuwa wameambiwa kwamba sare ni moja. "Walijiona wameletwa wapishi," alisema shangazi. "Bi Tatu alikaa mlangoni, hakugusa chakula. Mbele za watu akaniuliza, wifi, ndiyo hivi unavyotupanga?" Alikuwa na vipande viwili ndani ya mkoba. Kesho yake asubuhi alipanda ngazi zote za lile jengo la Zhanqian kwa magoti yake yale, akikataa mkono wangu, akaviweka mezani kwa bosi Liang. "Mwizi!" alimwambia. "Umeniharibia nyumba yangu!"

Bosi Liang aliviangalia vile vipande, akaniangalia mimi. Hakupaza sauti. "Mimi uliza," alisema. "Mimi uliza yeye. Yeye sema sawa."

"Muongo!" Shangazi alinigeukia. "Mwambie, Idi. Mwambie kwa Kichina chao. Ulichukua rangi moja au hukuchukua?"

Watu walikwisha jaa mlangoni, wateja Wakongo na Wanigeria, na wenye maduka ya jirani. Bosi Liang alikuwa amekunja mikono kifuani, uso umemwiva, mtu mzima anaitwa mwizi dukani kwake mbele ya jirani zake. Nilimjua vizuri yule mtu. Alikuwa akinipa chai. Nikasema, "Shangazi, mimi sioni. Hivyo vipande viwili, mimi naona kimoja." Hakunielewa. Ikabidi niseme tena, kwa urefu, na mtu mmoja nyuma akafasiri kwa Kiingereza kwa wenzake. Basi ikaanza ile shughuli ambayo kila mwenye macho kama yangu anaijua. Mmoja akainua skafu: na hii rangi gani? Mwingine akavuta gauni kwenye kamba: na hii? Nilijibu mbili tatu, nikakosea, wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyomcheka mtoto anayejifunza kuhesabu. Shangazi hakucheka. Alimwendea bosi Liang, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili, "Nisamehe, baba." Sijui bosi alielewa maneno gani. Alimvutia kiti.

Tulishuka ngazi nusu, shangazi akaketi kwenye kituo cha ghorofa ya pili, juu ya boksi tupu.

"Ile Ijumaa," alisema. "Uliapa."

"Niliziona kijani, shangazi."

"Kwa hiyo uliapa kweli."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakufungisha." Alivua miwani yake akaifuta kwa buibui, akaivaa, akaivua tena. "Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Nilimwambia naona haya. Kisha nikamwomba kitu, na hiki ndicho ninachoandikia yote haya. Nikamwomba asiwaambie watu wa nyumbani. Wala Salma, wala Wambui. Nilimshika mkono nikamwomba kama mtu anayeombea roho yake, na akasema, "Haya. Halitoki mdomoni mwangu." Ijumaa iliyofuata alileta sheria mbili mpya kwenye mkeka: kila anayetupa karata ataje rangi yake kwa sauti, na anayekosea arudishe tu, hakuna adhabu. Wambui alilalamika kwamba mchezo umekuwa wa chekechea. Shangazi akamwambia aliyechoka akaoshe vyombo. Kabla mwaka haujaisha alinitoa kwenye nguo kwa upole, akanitafutia watu wa makufuli na bawaba, na mpaka leo nauza makufuli na bawaba, katika chumba kidogo cha jengo la Tianxiu Dasha. Nilidhani nimepona. Sikuuliza hata siku moja mambo ya harusi yaliishaje huko nyumbani. Niliamini aliwaambia kwamba Wachina walikosea, kama kila mtu anavyosema mzigo ukiharibika, na imani hiyo ilinifaa, nikailinda kwa kutouliza.

Mgahawani, Wambui alipomaliza vituko vyake, Salma alisukuma sahani mbele kidogo. "Mazikoni walijaa watu," alisema. "Shangazi Tatu hakuja."

"Anaumwa?" niliuliza.

"Mzima. Ni yale yale ya vitambaa vya harusi ya Nasra. Yeye na mama hawakusemezana tena tangu siku ile."

Nikamwuliza mama yake aliwaambia nini. Salma akainua mabega. "Si kitu. Baba alidhani ni Wachina, mama akasema hapana, yule Mchina hana kosa, msimsingizie mtu. Kosa ni langu, msiniulize. Ndiyo hivyo tu, miaka yote. Shangazi Tatu akachukulia amekiri. Baba alimbembeleza dada yake mpaka akachoka. Siku za mwisho pale hospitali nilimwuliza mimi, mama, kwani ilikuwaje? Akasema, lilikwisha hilo."

Shangazi hakuweza kumsingizia bosi Liang, na mimi nilikuwa nimemfunga mdomo. Kumbe kati ya mambo hayo mawili palibaki mlango mmoja tu, akapita humo peke yake. Niliwaambia pale pale, mezani, kila kitu, macho, kiapo, majora, ngazi. Nilisema huku nikitazama chupa ya maji. Wambui aliweka mkono mdomoni. "Idi," alisema, "na vile nimekuita mwizi." Salma alichukua simu yake, akatafuta namba, akaniwekea mbele. "Mpigie mwenyewe," alisema.

Nilitoka nje kupiga. Dar ilikuwa asubuhi. Bi Tatu aliitikia kwa sauti ya mtu mzee ambaye hapendi namba ngeni. Nikajitambulisha, mtoto wa kaka yake Rukia, niliyeko China. Akasema, "Enhe." Nikamweleza. Haikuchukua muda mrefu, jambo lote lile linaingia katika maneno machache sana. Nikamwambia shangazi hakuwapanga, aliwataka wote wavae kijani kimoja, na kwamba alinyamaza kwa sababu mimi nilimwomba. Kisha nikasema naomba radhi.

Nikamsikia akivuta kiti, akikaa, akimwambia mtoto fulani azime redio.

"Wewe umeniomba radhi mimi," alisema mwisho. "Sawa, nimekusikia. Na mimi sasa nikamwombe nani?"